Barua ya wazi kuhusu uchangiaji wa viungo: pangeni hatua kabla ya kuandika fomu

Kwenu Waheshimiwa watunga sheria, mawaziri mnaosimamia afya, wakurugenzi wa hospitali na wajumbe wa kamati za maadili ya tiba,

Tunawaandikia kuhusu uchangiaji wa viungo vya binadamu: figo, ini, moyo, mapafu, kongosho, utumbo na konea za macho, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Popote sheria za uchangiaji huo zinapojadiliwa, mjadala huishia kwenye swali moja: mtu ambaye hakusema lolote enzi za uhai wake achukuliwe kuwa amekubali au amekataa? Swali hilo lina uzito na tutalijibu. Ila tunaomba mtusikilize kwanza juu ya jambo lililo kubwa kuliko hilo. Haki katika kazi hii inategemea mpangilio wa hatua: nani anathibitisha kifo, nani anazungumza na wafiwa, lipi linatangulia lipi, nani anamlinda mtoaji aliye hai, na fedha za nani zinalipia nini. Hatua hizo zikivurugwa, hata ridhaa iliyotiwa saini mbele ya mashahidi inaweza kuwa dhuluma.

Turudi kwenye ukimya. Wanaotetea ridhaa ya kudhaniwa, yaani asiyekataa achukuliwe kuwa amekubali, wanasema mambo matatu. Kwamba marehemu hana haja tena na figo zake, ilhali kuna mgonjwa anayezihitaji leo. Kwamba watu wengi wakiulizwa husema wako tayari kuchangia ila hawaendi kujiandikisha, kwa hiyo sheria inawatimizia walichokitaka. Na kwamba asiyetaka ana uhuru wa kusema hapana. La kwanza lina nguvu kubwa na hatulidharau, kwa kuwa marehemu mmoja anaweza kuacha moyo, mapafu mawili, ini, figo mbili, kongosho na utumbo. Lakini kama hoja hiyo inajitosheleza, basi suala la ridhaa halina kazi tena. Tuseme bayana kwamba viungo baada ya kifo ni vya umma, kama alivyowahi kutetea mwanafalsafa Mwingereza John Harris, kisha tubishane juu ya hilo. Ni msimamo mgumu, lakini una ukweli kuliko sheria inayotwaa kiungo cha mtu halafu ikakiita zawadi.

Sisi hatukubaliani na msimamo huo. Mtu huacha wosia kuhusu mali na watoto wake, na jamii huona aibu kuuvunja ingawa mwenyewe hayupo kulalamika. Kama neno lake kuhusu mali linatufunga, neno lake kuhusu mwili wake linatufunga zaidi. Ukimya wake unaweza kusomwa kuwa ni kukubali pale tu alipojua kwamba anaulizwa, akaelezwa kwa lugha anayoielewa, njia ya kukataa ikawa fupi na isiyo na gharama, na kukataa kwake kusingemnyima huduma yoyote. Sasa angalieni ni nani anayekosa masharti hayo: asiyejua kusoma, asiye na kitambulisho, mhamiaji, mwenye ulemavu wa akili, mfungwa. Sheria inayotegemea ukimya hupata viungo kwa urahisi zaidi kutoka kwa wale waliopata habari zake kidogo zaidi. Ndiyo maana sheria iliyoanza kutumika England Mei 2020 haiwahusishi walio chini ya miaka 18, waliokosa uwezo wa kiakili wa kuielewa kwa muda mrefu kabla ya kifo, na walioishi huko kwa chini ya miezi 12. Mkiamua kufuata njia hiyo, vizuizi hivyo viwe ndani ya sheria yenyewe. Visiachwe kwenye kanuni zitakazoandikwa baadaye na mtu mwingine.

Ila msitarajie sheria hiyo peke yake ilete viungo. Hispania ilipitisha sheria ya ridhaa ya kudhaniwa mwaka 1979, na miaka 10 baadaye ilikuwa bado na watoaji 14 tu kwa kila watu milioni 1. Mambo yalibadilika baada ya 1989, ilipoundwa taasisi ya taifa ya upandikizaji chini ya Rafael Matesanz. Kila hospitali kubwa ikawekewa mratibu, mara nyingi daktari wa wagonjwa mahututi, ambaye kazi yake ni kumtambua mgonjwa anayeweza kuwa mtoaji, kufuatilia uthibitisho wa kifo na kuzungumza na familia kwa ustadi aliofundishwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 walikuwa wamepita watoaji 30 kwa milioni, na miaka ya karibuni wamepita 40. Katika muda wote huo familia zimeendelea kuulizwa, sheria iseme itakavyosema. England, kwa upande wake, ilibadilisha sheria mwaka 2020, na kiwango cha familia kukubali kikashuka badala ya kupanda. Janga la UVIKO-19 lilichangia kuvuruga mambo, lakini sababu nyingine inaeleweka kirahisi. Mtu alipokwenda mwenyewe kujiandikisha, familia ilikuwa na kitu cha kushika. Aliponyamaza tu, familia haina inachokijua, na katikati ya msiba asiyejua hukataa.

Kuhusu mgongano wa marehemu na ndugu zake, msimamo wetu una pande mbili zisizolingana, na tunautetea. Aliyekataa akiwa hai amekataa. Hakuna ndugu, daktari wala hakimu anayeweza kubatilisha. Aliyekubali kwa kujiandikisha, uamuzi wake utekelezwe, na ndugu waelezwe badala ya kuombwa upya. Ndugu wakipinga vikali kiasi kwamba kuendelea kungewaumiza kupita kiasi, timu inaweza kusimamisha, lakini iandike sababu na jina la aliyeamua. Tofauti hiyo inatokana na madhara yenyewe. Kumpasua mtu aliyekataa ni kumkosea moja kwa moja kwa mikono yetu, wakati kuacha kutimiza ukarimu wake ni hasara kubwa ambayo hata hivyo haimvunjii heshima kwa namna ile.

Mazungumzo na wafiwa yanahitaji kuangaliwa kwa karibu, maana huko ndiko sheria nzuri hufia. Chumba kiwe na mlango unaofungwa na viti vya kutosha, ili asiwepo anayesimama juu ya vichwa vya waliokaa. Simu za wahudumu zizimwe. Waingie daktari aliyemtibu mgonjwa, muuguzi wa zamu hiyo na mratibu, na kila mmoja ajitambulishe kwa kazi yake halisi. Daktari aseme bila kuzungusha maneno: "Ubongo wa baba yenu umekufa. Baba amefariki." Asiseme "tunaendelea kumweka hai kwa mashine", kwa sababu kauli hiyo inamwambia mtoto kwamba baba yake bado yu hai na sasa anaombwa aruhusu auawe. Kisha daktari anyamaze. Wafiwa walie, waingie kumwona, wawapigie simu wengine. Ombi la viungo lisiguswe mpaka ionekane wameelewa kwamba mtu wao amekufa, na mara nyingi dalili ni pale mmoja anapouliza habari za mazishi.

Hapo ndipo mratibu anapozungumza. Aeleze ni viungo gani vinaombwa kimoja kimoja, kwa kuwa familia inaweza kukubali figo na kukataa macho. Aeleze kwamba mwili utashonwa kama baada ya upasuaji wowote, kwamba utachelewa kurudishwa na kwa takribani saa ngapi, na kwamba jina la mpokeaji halitatajwa. Asiseme watu wanane watakufa wakikataa. Huko ni kuwabebesha hatia watu waliofiwa saa hiyo hiyo, na ridhaa inayopatikana kwa hatia hugeuka uchungu baada ya wiki chache. Asiwaharakishe pia. Ni kweli moyo uliotolewa hudumu kwenye baridi takribani saa 4 hadi 6, ini saa 12, figo saa 24 hadi 36. Lakini saa hizo huanza kuhesabiwa mzunguko wa damu unapokatwa chumba cha upasuaji. Kwa aliyekufa ubongo na bado yuko kwenye mashine, wafiwa wana muda, na anayewaambia wana nusu saa tu kwa kawaida hasemi kweli. Wakikataa, washukuriwe kwa sauti ileile ambayo wangeshukuriwa kama wangekubali.

Kifo chenyewe kinahitaji ukweli mwingi zaidi kuliko unaotolewa sasa. Daktari wa upasuaji Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu Cape Town tarehe 3 Desemba 1967. Miezi 8 baadaye, Agosti 1968, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikapendekeza kwamba mtu ambaye ubongo wake umeacha kabisa kufanya kazi ahesabiwe amekufa, hata kama moyo unadunda. Kamati ilitaja sababu mbili waziwazi: mzigo wa wagonjwa wasioweza kurudi, na mabishano yaliyokuwa yakizuia upatikanaji wa viungo. Mwanafalsafa Hans Jonas alipinga mapema. Alisema mpaka kati ya uhai na kifo hatuujui kwa uhakika, na pasipo uhakika ni hatari kuusogeza kwa sababu ya mahitaji ya mtu wa tatu. Sisi tunakubali kigezo cha kifo cha ubongo, kwa sababu mtu aliyepoteza moja kwa moja uwezo wa kuwa na fahamu na uwezo wa kupumua mwenyewe amepoteza kile kilichokuwa kinamfanya awe kiumbe hai mzima. Lakini onyo la Jonas linatudai jambo la vitendo: anayethibitisha kifo asiwe na faida yoyote katika kifo hicho.

Maana yake ni hii. Wathibitishe madaktari wawili wenye uzoefu, wasiokuwa wa timu ya upandikizaji na wasiomhudumia mgonjwa yeyote anayesubiri kiungo. Uingereza inataka wawe wamesajiliwa kwa zaidi ya miaka 5, na seti nzima ya vipimo ifanywe mara mbili. Kabla ya kipimo chochote, chanzo cha kuharibika kwa ubongo kiwe kinajulikana, joto la mwili liwe angalau sentigredi 36, shinikizo la damu liwe limetulia, na dawa za usingizi na za kulegeza misuli ziwe zimekwisha mwilini. Makosa mengi hutokea hapa hapa. Mgonjwa mwenye figo na ini vilivyodhoofika hubaki na dawa ya usingizi kwa siku kadhaa, na mwili uliopoa huiga kifo. Vipimo vyenyewe huchunguza shina la ubongo: mboni zisijibu mwanga, jicho lisipepese konea inapoguswa, macho yasisogee maji ya barafu yanapotiwa sikioni, asipaliwe wala kukohoa bomba linapogusa koo na njia ya hewa. Mwisho ni kipimo cha pumzi. Mgonjwa hupewa oksijeni safi, mashine hutenganishwa, kifua huangaliwa kwa dakika 8 hadi 10 huku kaboni dayoksaidi ya damu ikiachwa ipande hadi angalau milimita 60 za zebaki. Pumzi moja tu ikionekana, si kifo.

Familia ipewe nafasi ya kushuhudia kipimo hicho ikitaka. Waelezwe mapema kwamba mkono au mguu unaweza kujikunja kutokana na mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, bila ubongo kuhusika. Wasipoambiwa wakaona, hakuna maelezo yatakayowarudisha, na neno litaenea kwamba hospitali ile huwapasua watu walio hai.

Njia ya pili, ya kusubiri moyo usimame, ina mitego yake. Hapa mgonjwa hajafa ubongo, ila madaktari na familia wamekubaliana kwamba matibabu hayana faida tena na mashine zitaondolewa. Uamuzi huo lazima ufikiwe na kuandikwa kabla mtu yeyote hajataja viungo. Mkiruhusu uamuzi wa kuondoa mashine na ombi la viungo viwe kwenye mazungumzo mamoja, mmempa kila mgonjwa mahututi sababu ya kuiogopa timu yake mwenyewe. Moyo ukisimama, sehemu nyingi hungoja dakika 5 bila kugusa, zikihakikisha haurudi wenyewe. Sheria iseme pia ni nini kinaruhusiwa kufanywa kabla ya kifo kwa ajili ya viungo pekee, kwa mfano kuchoma heparini ili damu isigande. Dawa hiyo haimsaidii mgonjwa, kwa hiyo isitolewe bila ridhaa mahususi, na isitolewe kabisa kwa mwenye damu inayovuja ubongoni ikiwa inaweza kuharakisha kifo chake. Ipo mbinu mpya zaidi ya kurudisha mzunguko wa damu ndani ya mwili baada ya kutangaza kifo, huku mishipa iendayo ubongoni ikiwa imefungwa. Mwaka 2021 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilitaka mbinu hiyo isitishwe kwanza ichunguzwe. Tunaona kilikuwa sahihi. Ikiwa kifo kilitangazwa kwa sababu mzunguko wa damu umekoma bila kurudi, anayeurudisha kwa mikono yake anawiwa maelezo kabla ya kuanza, na si baada ya mtu kuuliza.

Tuje kwa mtoaji aliye hai. Huyu ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, kwa sababu daktari anampasua mtu mzima asiye na ugonjwa kwa ajili ya mwingine. Mwaka 1797 mwanafalsafa Mjerumani Kant aliandika kwamba kutoa au kuuza jino ili lipandikizwe kinywani mwa mwingine ni kujiua kwa sehemu. Hatumfuati hadi huko. Mtu ana haki ya kubeba hatari kwa ajili ya ampendaye, na kumkatalia kabisa ni kumfanya mtoto. Lakini daktari wa upasuaji Joseph Murray na wenzake, kabla ya kuhamisha figo kati ya mapacha wa kufanana mjini Boston Desemba 1954, walitafuta ushauri wa madaktari wengine, wanasheria na viongozi wa dini. Unyenyekevu huo umepotea kadiri upasuaji ulivyozoeleka.

Hatari zielezwe kwa tarakimu. Kifo kutokana na utoaji wa figo ni takribani 3 kati ya watoaji 10,000. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba katika maisha yao watoaji 90 kati ya 10,000 hufikia kushindwa kabisa kwa figo, wakilinganishwa na 14 kati ya 10,000 wa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Ni hatari ndogo, lakini ipo, na kijana wa miaka 22 anaibeba kwa miaka 60. Sehemu ya ini ya kulia, ambayo huweza kufika asilimia 60 ya ini lote, ni hatari zaidi: vifo hukadiriwa kati ya 2 na 5 kwa kila watoaji 1,000. Anayeambiwa tu kwamba "ini huota tena" hajaelezwa kitu.

Mtoaji awe na mtetezi wake, mtu asiyewajibika kwa timu ya mpokeaji. Wazungumze faraghani angalau mara mbili, kwa nafasi ya wiki kadhaa, bila ndugu kuwapo mlangoni. Maswali ya mtetezi yawe ya kawaida na ya moja kwa moja: Nani alikuwa wa kwanza kukutaja? Ukikataa, nini kitakupata nyumbani? Una deni na mtu wa ukoo? Nani atakulea wiki utakazokuwa unapona? Katika nchi nyingi wanawake hutoa figo zaidi kuliko wanaume, huku wanaume wakipokea zaidi, na hilo halielezwi na magonjwa peke yake. Mara nyingi ukoo huamua ni mwili wa nani unaoweza kukosekana kazini.

Mtoaji anayetaka kujitoa apewe mlango wa nyuma. Baadhi ya hospitali humwandikia barua ya uongo kwamba damu yake haifai. Tunaelewa huruma iliyomo, lakini uongo huo huingia kwenye rekodi yake ya matibabu na siku moja humdhuru. Kuna njia iliyo safi. Timu itangaze tangu mwanzo kwamba haitoi sababu kwa mtu yeyote, na kila anayeshindwa au anayejitoa familia iambiwe sentensi ileile: "Hafai kuwa mtoaji." Ni kweli, kwa kuwa asiye na hiari hafai.

Haki ya kujitoa mpaka dakika ya mwisho ndiyo inayoeleza pia utaratibu wa kubadilishana figo kati ya jozi zisizooana, yaani mgonjwa na mtoaji wake ambaye figo yake haimfai, uliopendekezwa mwaka 1986 na baadaye kuboreshwa kwa hesabu za mchumi Alvin Roth, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Mke wa mgonjwa wa kwanza anampa mgonjwa wa pili, na ndugu wa mgonjwa wa pili anampa wa kwanza. Kama upasuaji mmoja ungefanyika leo na mwingine wiki ijayo, aliyebaki anaweza kubadili nia, na hakuna mahakama inayoweza wala inayopaswa kumlazimisha kulazwa mezani. Kwa hiyo jozi hizo kwa kawaida hupasuliwa kwa wakati mmoja. Hospitali isiyo na vyumba vinne vya upasuaji na timu nne isianze mpango huo peke yake. Ishirikiane na nyingine.

Fedha. Hoja ya wanaotaka soko la figo isipuuzwe. Wanasema maskini ana chaguo chache, nasi kwa kulinda utu wake tunamnyang'anya moja bila kumpa jingine. Ni hoja nzito. Iran imekuwa na mpango rasmi wa malipo kwa watoaji wa figo tangu 1988. Lakini tazameni muuzaji anabaki na nini. Utafiti wa mwaka 2002 kwa wauzaji wa figo 305 mjini Chennai, India, ulikuta asilimia 96 waliuza ili kulipa madeni, na miaka kadhaa baadaye takribani robo tatu yao walikuwa bado na madeni. Kipato cha familia zao kilikuwa kimeshuka kwa theluthi moja, asilimia 86 walisema afya yao imezorota, na asilimia 79 wasingemshauri mwingine auze. Sababu inaeleweka: deni hutokana na kipato kidogo, na anayeishi kwa nguvu za mwili akipasuliwa hubeba mzigo mdogo zaidi. Tena figo ikishakuwa na bei, mkopeshaji huihesabu kuwa dhamana hata kwa yule asiyetaka kuuza. Hapo ndipo hoja ya chaguo inapovunjika kwetu, kwa kuwa kuwapo kwa soko kunaondoa uwezo wa maskini kusema "hiki hakiuzwi".

Azimio la Istanbul la mwaka 2008, la wataalamu wa upandikizaji, linataka biashara ya viungo ipigwe marufuku, nasi tunaliunga mkono. Lakini katazo tu halitoshi, na linapotumika kumnyima mtoaji nauli linakuwa ukatili. Mtoaji asipate faida wala hasara. Alipwe kutoka mfuko wa umma, kwa risiti na bila kupitia mkono wa mpokeaji, gharama za safari, vipimo, malazi, mshahara wa wiki 4 hadi 12 kulingana na kazi yake, na bima ya madhara. Adhabu za jinai zielekezwe kwa madalali, madaktari na hospitali. Mkimfunga muuzaji, hatawaambia dalali ni nani.

Mfungwa anayesubiri kunyongwa asiguswe kabisa, hata akiomba mwenyewe. Hatuoni haja ya kurefusha.

Mgawo wa viungo uwe na kanuni zilizochapishwa, na kanuni zenyewe zichunguzwe. Mwaka 1962 mjini Seattle kamati ya watu 7 wasiotajwa majina iliamua nani aingie kwenye mashine za kusafisha damu, ikipima ndoa, idadi ya watoto, kipato na hata kuhudhuria kanisani. Siku hizi tunatumia alama, na watu hudhani namba hazina upendeleo. Kwa miaka mingi Marekani ilikadiria kazi ya figo kwa fomyula iliyompandishia mtu mweusi kiwango, hivyo akaonekana mzima kuliko alivyo na kuchelewa kuingia kwenye foleni. Fomyula hiyo ilipigwa marufuku kwenye upandikizaji mwaka 2022, na tangu Januari 2023 hospitali zikatakiwa kuwarudishia wagonjwa hao muda walioupoteza. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuwanyima. Tarakimu moja ndani ya kanuni ilitosha. Kwa hiyo kila kigezo mtakachoweka, iwe dharura ya mgonjwa, miaka anayotarajiwa kuishi, kuoana kwa tishu au muda wa kusubiri, kiandikwe sambamba na jibu la swali hili: ni nani anayesukumwa nyuma na kigezo hiki? Israel iliwapa kipaumbele waliojiandikisha kuchangia, kwa sheria ya mwaka 2008. Tunaona ni haki kwa sehemu, mradi ipimwe kama alama ndogo na mtoto asiadhibiwe kwa alichokataa mzazi.

Na msiruhusu hospitali kupandikiza pale ambapo dawa hazina uhakika. Mpokeaji wa figo hutumia dawa za kuzuia mwili kuikataa, yaani takrolimasi, mikofenoleti na mara nyingi prednisoloni, kila siku kwa maisha yote ya kiungo hicho. Dawa zikikatika, mwili huanza kukikataa, na kiungo kinaweza kupotea ndani ya wiki au miezi. Figo ya mtu aliye hai ikipotea kwa sababu bohari iliishiwa vidonge, aliyeitoa amedhulumiwa hata kama upasuaji wake ulikwenda vizuri. Kabla ya kibali cha kupandikiza, hospitali ionyeshe akiba ya dawa ya angalau miezi 6, maabara inayopima kiwango cha takrolimasi kwenye damu, na chanzo cha fedha za miaka inayofuata.

Mwisho, tunaomba rejesta mbili. Ya kwanza ni ya watoaji walio hai, kila mmoja apimwe shinikizo la damu, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) na protini ya mkojo mara moja kwa mwaka bila malipo maisha yake yote, kwa sababu anayepotea baada ya kushonwa ndiye hasa tusiyejua kilichompata. Ya pili ni ya maombi: familia ngapi ziliulizwa, ngapi zilikubali, ngapi zilikataa na kwa sababu gani, nani aliuliza, na muda gani ulipita kati ya taarifa ya kifo na ombi. Zote mbili zichapishwe kila mwaka kwa kila hospitali, bila majina ya watu. Tunaomba jibu lenu kwa maandishi kuhusu rejesta hizi kabla ya kifungu chochote cha ridhaa kupigiwa kura.